Mashine Isiyojua Ngano

Kaeni chini wote. Hata wewe Leodgar, mwanangu wa kwanza, uliyezoea kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri gari, leo vuta kigoda ukae, maana ninayotaka kusema ni marefu na pumzi niliyobaki nayo ni fupi. Recheli, binti yangu, niwekee mto mwingine mgongoni. Hapo hapo. Wifi Getruda, sogea huku miguuni pangu, usijifiche nyuma ya pazia, maana humu mna mambo yako pia. Mzee Vedasto wa jumuiya yetu amekubali kuyaandika. Asante, mzee wangu. Andika taratibu, na nikinyamaza usidhani nimemaliza.

Andika kwamba mimi ni Josepha, mjane wa Alois, mzaliwa wa Kwihara, mkazi wa Ipuli hapa Tabora, na kwamba nasema haya mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, bila kulazimishwa na mtu. Andika pia kwamba sisemi kwa huzuni. Wanaotaka kulia watoke nje wakalie huko, kisha warudi, kwa sababu habari yangu ni ya mtu aliyeshinda.

Wanangu, mnanijua kama mama asiyeruhusu ngano kuvuka kizingiti chake, lakini zamani mimi nilikuwa mtu wa ngano kuliko yeyote mtaani. Nilikanda unga alfajiri, na treni ilipoingia stesheni nilikuwa nimeshapanga maandazi kwenye beseni, chapati ndani ya kitambaa, na mikate ya duara ambayo wasafiri wa Kigoma waliipokea kupitia madirishani. Baba yenu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo walinzi walinijua na hakuna aliyenifukuza. Mikono yangu ilikuwa myeupe hadi kwenye viwiko. Nilijivuna, nisiseme uongo. Kulikuwa na abiria waliokuwa wakiuliza jina langu kabla treni haijasimama.

Recheli alizaliwa mnene, shingo haionekani. Alipoachishwa ziwa na kuanza kula chakula cha wakubwa, akaanza kurudi nyuma. Miguu ilikonda kama fito, tumbo likavimba, nywele zikawa nyekundu, na kuhara hakukukoma. Alipofikisha miaka mitano alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Tulimpa dawa za minyoo, tukampa tena, tukampa maziwa, mayai, uji wa kila namna. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa na kitu ninachokijua vizuri, nilimkazania maandazi. Kila alipozidi kukonda nilizidi kumpa. Asubuhi andazi, jioni andazi, na lile kubwa kuliko yote nilimtengea yeye. Recheli, mwanangu, usishike mkono wangu hivyo, niache niseme. Nilikuwa nakuua kwa mkono huu huu, na nilikuwa nafanya hivyo kwa upendo.

Watu walisema waliyosema. Wifi yangu Getruda, dada wa baba yenu, alisema mtoto amechezewa, na kwamba yuko mganga Igunga anayeyaweza mambo hayo. Wengine walisema namnyima mtoto chakula ili niuze. Siku moja baba yenu alirudi kutoka kazini mchana, akamwangalia Recheli amelala kwenye mkeka na nzi usoni hana nguvu ya kuwafukuza, akaniambia, "Mama Leodgar, fungasha. Tunakwenda Mwanza."

Tulipanda treni. Njia nzima mtoto alikula mikate yangu na kuitapika. Kule Mwanza, kwenye hospitali kubwa, tulipokelewa na daktari mmoja mama, mwembamba, mwenye sauti ndogo, aliyekuwa amesoma ng'ambo. Alimpima, akachukua damu, akaituma mbali, tukakaa wiki nyingi kwa ndugu wa baba yenu tukingoja. Jibu liliporudi akaniita peke yangu.

"Mama, huyu mtoto unampa nini?"

"Nampa kila kitu, daktari. Zaidi maandazi. Mimi mwenyewe ndiye mpishi."

Akaivua miwani yake. "Basi sikiliza, na usijilaumu, maana hukujua. Tumbo la mtoto wako haliwezi ngano. Kuna kitu ndani ya ngano, kile kinachofanya unga uvutike ukiukanda. Kwa mwili wake kile ni sumu. Si kidogo, si Jumapili tu. Asile kabisa, maisha yake yote."

Nikauliza dawa yake ni ipi. Akasema dawa ni jiko langu.

Wanangu, nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Baba yenu akaja, nikamweleza. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa tutakula nini?" Nikamwambia, "Tutakula anachokula Recheli." Hatukulizungumza tena. Tuliporudi Tabora niligawa magunia yote ya unga, nikafua kila nguo, nikachoma vitambaa vya chapati, nikakwangua meza ya kukandia mpaka mbao ikawa mpya. Stesheni walidhani nimefilisika.

Kazi ikaanza hapo. Kumlisha mtoto ugali, wali na viazi halikuwa jambo gumu. Bibi yangu wa Kwihara alikuwa akituambia kwamba wazee wetu wapagazi walibeba mizigo mpaka pwani na kurudi, miezi na miezi njiani, na unga kiunoni mwao ulikuwa wa mtama. Hawakuijua ngano na walitembea kuliko walioijua. Lakini Recheli alikuwa mtoto wa mwuza mikate. Aliwaona wenzake wanakwenda shule na chapati mkononi. Siku moja alinijia akaniuliza, "Mama, mimi nilifanya kosa gani?" Nikaapa siku ile kwamba mtoto wangu atakula mkate, na atakula chapati inayokunjika, hata kama itanichukua mpaka nizeeke.

Chapati yangu ya kwanza ya unga wa muhogo ilipasuka kama jaruba la mpunga wakati wa kiangazi. Ya mtama ilitoka nyekundu, ngumu, ukiikunja inavunjika vipande vinne. Mkate wangu wa kwanza wa mahindi na mtama, Leodgar anacheka, anaukumbuka, aliutupia mbwa wa jirani. Mbwa akaunusa, akatutazama, akaondoka. Cheka, mwanangu, cheka. Mwaka wetu wote ulikuwa hivyo.

Aliyenivusha hatua ya kwanza ni Bi Zuena wa Isevya, Mungu amrehemu. Alikuwa Mwislamu wa ukoo uliokuja na misafara ya zamani, nyumba yao ikinukia iliki tangu uchochoroni. Alinisikia sokoni nikiuliza kama kuna mkate usio na ngano, akanishika kanga. "Josepha, umehangaika bure. Mkate wa kumimina una ngano gani? Njoo nyumbani." Akanionyesha mchele uliolowekwa usiku kucha, unasagwa laini na tui la nazi, unatiwa sukari, hamira na iliki, unaachwa uumuke mpaka utoe mapovu, kisha unamiminwa kwenye sufuria yenye mafuta moto, mfuniko juu, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Nazi kwetu hutoka mbali, kwa hiyo mimi nikatumia tui la karanga za shambani kwetu, na badala ya sukari nikatia asali. Ulipotoka ukiwa wa dhahabu, nikamkatia Recheli kipande cha moto, nikamwambia, "Huu ni mkate. Ni wako." Alikula robo tatu ya sufuria. Hakutapika. Bi Zuena aliketi kizingitini kwake akalia kuliko mimi. Kwa hiyo naagiza: kila Idd, watu wa nyumba ile ya Isevya wapelekewe mkate wa kumimina kutoka nyumba hii, mzima, usiokatwa, na apeleke mmoja wenu kwa miguu yake, asitume bodaboda.

Lakini chapati ilibaki. Daktari alisema ngano huvutika, na ndicho nilichokikosa. Unga wangu haukushikana. Nilijaribu mayai, nilijaribu ndizi mbivu, nilijaribu uji mzito. Miezi minane. Halafu mchana mmoja nilikuwa nimepika mlenda, nikauinua kwa mwiko kuutazama kama umeiva, nao ukavutika kutoka chunguni mpaka usawa wa kifua changu bila kukatika. Nilibaki nimeshika mwiko juu kama mtu aliyeganda. Nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni, "Wewe ulikuwa hapa siku zote?" Nikachuja ule uteute ukiwa wa moto, nikaumimina kwenye unga wa muhogo na mtama mweupe, nikasonga, nikakanda. Ukashikana. Nikausukuma. Haukupasuka. Nikaiweka chapati kikaangoni ikavimba katikati, nikaitoa, nikaikunja mara mbili, nikaikunjua, nikaikunja tena. Nilitoka nje nikipiga vigelegele na kikaango mkononi, na jirani zangu wakadhani Leodgar amefaulu mtihani.

Nikafikiri nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Recheli alianza kunenepa, kisha katikati ya mwaka akarudi kuhara, na mimi nikakaribia kuwa kichaa, kwa kuwa kila nilichompa nilikipika mwenyewe. Nilirudia kila hatua kichwani mpaka nikafika mashineni. Mtama wangu nilikuwa nausaga kwenye mashine ya mtaani, na mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mtu na ngano yake. Unga wake ulibaki humo ndani, ukashuka na wangu. Vumbi tu, wanangu. Vumbi lile lilitosha. Tangu siku ile nilichukua jiwe la kusagia la bibi yangu kutoka Kwihara, baba yenu akalipakia kwenye baiskeli, nikasaga kwa mikono kila siku kwa miaka kumi na sita. Magoti haya mnayoyaona yamekwisha, yalikwishia pale. Siyalilii. Kwa kila kilo niliyosaga, Recheli aliongezeka.

Sasa Getruda. Inua kichwa, wifi yangu. Nitalisema ili lisibaki likinong'onwa baada yangu. Recheli alipokuwa na miaka tisa ulimwomba akae kwako wakati wa Pasaka, nami nikakupa na kikapu cha chapati zake. Ulikuwa umechoka kusikia habari za ugonjwa huu. Ulisema ni maringo, ni mambo ya Kizungu, na kwamba utaonyesha ukoo mzima kwamba mtoto anakula kama watoto wengine. Ukampa maandazi siku tatu. Siku ya nne aliletwa kwangu amebebwa, macho yamezama, na alilazwa hospitali siku kumi na sita. Sikukupiga. Sikukutukana. Nilifunga mlango wangu, na kwa miaka kumi na mitatu hatukupeana shikamoo wala marahaba, hata kanisani, hata kwenye msiba wa mama yako.

Andika pia hili, mzee Vedasto, liende pamoja na hilo, lisitenganishwe. Mwaka Recheli alipochumbiwa na Silasi, kijana wa Nzega, wakwe walikuja nyumbani kujitambulisha, na mama yake Silasi, Mama Kabula, mwanamke wa Kisukuma mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliniita mayu, yaani mama kwao, akaniuliza mbele ya wazee wote, "Mayu, niambie ukweli. Tunachukua mke au tunachukua mgonjwa?" Recheli alikuwa nyuma ya mlango, alisikia. Nikamjibu, "Mama, njoo kwenye harusi ule. Ukishakula, utajibu mwenyewe." Nikaahidi hapo hapo kwamba harusi nzima, wageni mia nne, hawataona punje ya ngano, na hawataikumbuka.

Walipoondoka ndipo nikatambua nilichokisema. Magoti yangu yalikuwa yameshakwisha. Baba yenu alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Siku tatu kabla ya harusi, asubuhi, mlango ukagongwa, nikakuta Getruda amesimama uani na sufuria tatu mpya kichwani na kinu kipya miguuni. Hakunisalimu. Alisema, "Wifi, hivi nimevinunua jana. Havijaguswa na ngano. Na mimi nimeoga, nguo hizi ni mpya, mikono yangu hii, nusa." Akaninyoshea mikono. Nikainusa kweli, wanangu, kama mwendawazimu, nikainusa mikono ya wifi yangu pale uani. Ilinukia sabuni. Nikamwambia, "Ingia."

Alitwanga siku tatu. Viganja vyake vilitoka malengelenge akavifunga kitambaa akaendelea. Hakuomba msamaha kwa mdomo na mimi sikumdai. Mtu yeyote kati yenu atakayekumbusha habari za Pasaka ile bila kukumbusha habari za sufuria zile, huyo hasemi kwa niaba yangu. Getruda ni mama yenu kuanzia nitakapofumba macho. Nimemaliza hilo.

Niletee maji, Recheli. Kidogo tu. Inatosha.

Harusi... mlikuwapo, lakini acheni niionje tena. Chapati mia nane za muhogo na mtama, zimeviringishiwa nyama ya mbuzi na kachumbari, zimefungwa kwenye kitambaa zisikauke. Mikate ya kumimina ishirini na sita. Mikate ya ulezi yenye asali. Mama Kabula alichukua chapati moja kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kitu cha kutilia shaka. Akala. Akachukua ya pili. Nilikuwa nimekaa naye meza moja, natazama mbele, nahesabu kwa pembe ya jicho. Alipofika ya nne akaniinamia.

"Mayu, ngano yenu ya hapa Tabora ni laini hivi, mnaitoa wapi?"

"Hakuna ngano hapa, mama. Ni muhogo, mtama na mlenda."

"Mlenda?"

"Mlenda."

Akaitazama ile chapati, akanitazama. Kisha akasimama, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, na kwa sauti ile ambayo haihitaji kipaza sauti akasema, "Nilimwuliza mama huyu kama tunachukua mke au mgonjwa. Nimekula nimeshiba, najibu mwenyewe. Tunachukua mke, na kama mama yake atakubali, tunachukua na mapishi!" Vigelegele vile, wanangu! Getruda alikuwa amesimama mlango wa jikoni na vitambaa mikononi, akapiga kigelegele mpaka sauti ikakatika. Recheli alikuwa ameketi pale mbele na shela lake, mashavu yamejaa, mtu mzima, mzuri, na mkononi ana mkate. Kama ningekufa siku ile nisingelalamika. Lakini niliongezewa.

Nikaongezewa mashine. Watu walianza kuja: baba mmoja na mtoto wake kwenye baiskeli kutoka vijijini Igunga, mama mwingine kutoka Urambo, kila mmoja na karatasi ya daktari mkononi na macho kama yangu ya ngazi za hospitali. Niliwafundisha wote hapa uani. Kijana wangu Leodgar akaona siwezi tena kusaga kwa jiwe, akauza ng'ombe zake, akaninunulia mashine ile iliyo bandani, mpya, ndani ya sanduku, nami nikasema mbele ya mashahidi kwamba haitaijua ngano. Haijaijua mpaka leo.

Na niliongezewa wajukuu, Ngollo na Mwanne. Mwanne amerithi tumbo la mama yake. Tulijua mapema, akiwa bado hajatoa meno yote. Ana miaka saba sasa, yuko nje hapo namsikia anaruka kamba, na hajalala hospitali hata siku moja. Hajui kwamba anaumwa. Anadhani hivi ndivyo chapati zilivyo.

Sasa ninafika kwenye mali, na hapa sauti yangu... ngojeni.

Leodgar. Wiki iliyopita, mlipodhani nimelala, nilisikia mtu sebuleni. Mwenye kiwanda cha mikate. Alitaka mashine isage ngano yake siku nne kwa juma, na siku zilizobaki iwe ya mtama, ati itakuwa inasafishwa. Nilisikia alivyokuahidi. Nilikaa na jambo hilo kitandani, na nikaamua mashine niiandike kwa Recheli, nikunyime wewe uliyeinunua. Karatasi ya kwanza ya mzee Vedasto, ile tuliyoiandika juzi, inasema hivyo. Lakini sitaki kufa nimemhukumu mwanangu bila kumwuliza. Ulimjibu nini?

Sema kwa nguvu, masikio nayo yamechoka.

Mmesikia? Anasema alimjibu palepale barabarani, wakiwa wanaagana. Rudia, mwanangu, mzee aandike.

"Nilimwambia hapana, Mama. Nilimwambia Mwanne anakula humo."

Chana ile karatasi, mzee Vedasto. Ichane, nisikie inachanika. Vizuri. Andika upya. Mashine ni ya Leodgar. Aliinunua kwa ng'ombe zake, na ameilinda pale ambapo hakuna aliyekuwa akimwona. Asiiuze, asiikodishe kwa ngano, na mtu yeyote mwenye mgonjwa kama wetu asagiwe bila malipo. Recheli, nyumba hii ya Ipuli ni yako, pamoja na jiko, vikaango vyote, na jiwe la bibi. Shamba la Kwihara mligawane katikati, upande wa bonde upandwe mpunga, upande wa juu mtama mweupe na muhogo. Na mlenda msipande, utaota wenyewe, nyinyi msiung'oe tu. Getruda apewe vitenge vyangu vyote, hata vile vipya vilivyoko sandukuni.

Mapishi si ya mtu. Msiyafiche. Anayekuja na mtoto mgonjwa afundishwe siku hiyo hiyo, asiambiwe arudi kesho. Mwambieni hivi: uteute wa mlenda uwe wa moto, uumimine kwenye unga ulio tayari, usonge kama ugali, usubiri mpaka mkono uvumilie moto, ndipo ukande na mafuta. Madonge yafunikwe na kitambaa kibichi. Sukuma katikati ya karatasi mbili za nailoni. Kikaango kiwe moto sana, kwanza kavu, mafuta baadaye. Na ikipasuka ya kwanza... na ya pili... mwambieni asilie. Mwambieni yuko mama aliyepasukiwa miezi minane.

Nishushe mto, Recheli. Ndiyo.

Nizikeni Kwihara, karibu na bibi yangu, upande jua linakotoka. Padre asome kwa kifupi, watu wana mashamba. Kwenye matanga, chai iwepo, na mikate yetu... ya kutosha, mgeni asiondoke na njaa. Msivae nyeusi. Getruda aongoze nyimbo, sauti anayo.

Sogezeni vichwa. Leodgar huku, Recheli huku. Wifi, weka mkono wako juu ya wangu, unisaidie, ni mzito. Mungu aliyeniachia nyinyi awape mikono isiyochoka. Awape meza ambayo hakuna mtoto anayeketi pembeni akitazama wenzake wanakula. Watoto wenu wawaone mkiwa wazee. Msigombane. Mkigombana... mpatane kabla unga haujapoa.

Mzee Vedasto, andika la mwisho. Nilimbeba mtoto huyu mpaka Mwanza akiwa mwepesi kama kanga iliyokauka kambani, na wanawake waliokuwa ndani ya behewa walinitazama kama watu wanaotazama jeneza. Leo yeye ndiye atakayenibeba mimi. Yeye ndiye atakayenizika. Mnasikia?

Atanizika yeye.

Mwiteni Mwanne aingie... aje hivyo hivyo, na kamba yake.